Feni ya Rejeta Haizunguki: Pima Kwanza, Mota Ununue Baadaye

Gari likikaa kwenye foleni mshale wa joto unapanda, likishika mwendo unashuka wenyewe. Ukiona hivyo, anza na feni ya rejeta. Kwenye mwendo, upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta. Gari likisimama, kazi hiyo yote inabaki kwa feni. Kama joto linapanda hata gari likiwa mbioni, feni si mshukiwa wa kwanza. Chunguza themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), pampu ya maji na rejeta iliyoziba.

Kabla ya kugusa chochote, acha injini ipoe na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mikono na nguo zikae mbali na mapanga ya feni: kwenye baadhi ya magari feni huwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa.

Injini ikishapoa, angalia maji. Yakipungua, sensa ya joto inabaki kwenye hewa badala ya maji, haisomi joto sawasawa, na feni haipati amri.

Sasa washa injini, kisha washa AC. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuanza muda mfupi baadaye. Ikizunguka, mota na waya zake kubwa zinafanya kazi. Ruka moja kwa moja hadi kwenye sensa. Gari lenye feni mbili, hakikisha unaitazama ile unayoishuku.

Haikuzunguka? Nenda kwenye fyuzi, mara nyingi ya ampia 30 au 40. Usiitazame kwa macho tu. Weka taa ya kupimia upande mmoja, halafu wa pili. Taa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika: zima gari na uzungushe panga kwa mkono. Likiwa zito au linakwaruza, mota inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na fyuzi mpya nayo itakatika. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, maana utakachounguza ni waya.

Tuipime mota yenyewe. Chomoa plagi yake, kisha ilishe moja kwa moja kutoka betri kwa waya mbili nene, ule wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampia 30. Fuata rangi za waya, kwani ukigeuza chanya na hasi feni itazunguka kinyume. Kipimo hiki ni cha mota ya waya mbili tu. Yenye waya tatu au nne huenda ina kidhibiti ndani, usiijaribu hivi. Isipozunguka, igonge kidogo ganda lake. Ikistuka na kuanza, kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha.

Mota ikiwa nzima, chomoa rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha feni. Namba za miguu kwa kawaida zimeandikwa kwenye rilei. Kwenye soketi, mguu wa 30 uwe na volti 12. Unganisha 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi: feni ikizunguka, kasoro iko kwenye rilei au kwenye amri inayoifikia. Pima koili ya rilei kati ya 85 na 86. Kwa kawaida utapata omu 50 hadi 120. Na usidanganywe na mlio wa "tak". Rilei inaweza kulia huku vigusio vyake vya ndani vimeungua na havipitishi umeme.

Feni ikizunguka kivivu, pima upotevu wa volti, kipimo ambacho wengi hukiruka. Feni ikiwa inafanya kazi, weka ncha moja ya maltimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya mota. Isizidi nusu volti. Rudia upande wa hasi. Ukiona volti 2, tafuta plagi iliyoyeyuka au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) yenye kutu. Lazima mota iwe inavuta mzigo, kwa sababu hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 ukiwa hauna kazi.

Tumefika kwenye sensa. Kama ni swichi ya waya mbili iliyofungwa kwenye rejeta, chomoa plagi na uunganishe waya hizo mbili, ufunguo ukiwa umewashwa: feni ikianza, badilisha swichi. Sensa inayosomwa na kompyuta usiiunganishe hivyo. Ichomoe tu injini ikiwa inaunguruma. Kompyuta nyingi huwasha feni kwa tahadhari, na taa ya injini inaweza kuwaka. Shika pia mpira wa chini wa rejeta, ukijihadhari usiungue. Injini ya moto na mpira baridi mara nyingi maana yake themostati imekwama, na swichi ya kwenye rejeta haifikiwi na joto.

Ukishatengeneza, acha injini iungurume AC ikiwa imezimwa, hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, huku mshale umetulia.