Watu wa Bustani ya Epicurus

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, viti vipo. Leo ni Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na najua wengi mmesikia alikuwa mtu wa kula, kulewa na starehe tu, sasa hizo stori zilitoka wapi? Zilitoka humohumo ndani. Jamaa mmoja, Timocrates, alijitoa kundini akaanza kusambaza kwamba mzee anatapika mara mbili kwa siku kwa ulafi, na huyo Timocrates ni ndugu wa Metrodorus ambaye ndo alikuwa rafiki wa karibu kabisa wa Epicurus, yaani ugomvi wa familia huo.

Epicurus kazaliwa kisiwa cha Samos 341 KK, kafundisha miji ya Mytilene halafu Lampsacus, na huko ndo aliwapata kina Hermarchus, Metrodorus na Polyaenus, huyu wa mwisho mtu wa hesabu. Mwaka 306 KK hivi akahamia Athens, akanunua bustani kwa mina 80, pesa ya Athens ya enzi hizo, na hiyo bustani ndo ikawa shule yake. Watumwa nao walisoma humo, mmoja wao Mys ndo anajulikana zaidi. Wanawake pia, mmoja wao Leontion aliandika kumpinga Theophrastus, mrithi wa mwanafalsafa Aristotle mwenyewe! Karne mbili na zaidi baadae Cicero, mwandishi wa Roma, bado kakasirika kwamba mwanamke kathubutu.

Ila mimi kinachonivutia ni mambo ya hela. Wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa kabla yake, mali zao walikuwa wanaweka pamoja, Epicurus akakataa, akasema hiyo ni dalili ya kutoaminiana, na wasioaminiana hao sio marafiki. Kila mtu na mfuko wake. Lakini 294 KK hivi Demetrius, mbabe wa vita wa enzi hizo, alipouzingira mji wa Athens njaa ikauma kwelikweli, mwandishi wa kale Plutarch anasimulia baba na mwanae walipigana wakigombania panya mfu kaanguka toka darini, na muda huohuo Epicurus anahesabu maharage anawagawia wenzake. Huyo ndo mlafi wetu, ambaye kwenye barua aliomba atumiwe jibini kidogo ili akijisikia afanye karamu.

Alikufa 270 KK, mawe ya figo. Wosia wake umebaki: shule aiongoze Hermarchus, Mys aachwe huru, tarehe 20 kila mwezi wakutane kumkumbuka yeye na Metrodorus, ambaye alishatangulia, na watoto wa Metrodorus watunzwe. Ila binti wa Metrodorus atunzwe akiwa na adabu na akimtii Hermarchus, na akikua aozeshwe kwa mwanachama atakayechaguliwa na Hermarchus. Leontion sijui angesemaje hapo.

Haya, maswali.