Kutoboa faiba bila kubandua tabaka: mwendo, mkono na koti la biti

Haya, sauti yafika? Vyema. Ikilia honi, hiyo ni feri ya Likoni, msishtuke.

Leo twatoboa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Kipande hiki ni cha ubavu wa boti: unene milimita 6, mati ya kioo na rezini ya poliesta. Twataka tundu la milimita 6, safi juu na chini. Barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja vumbi, miwani, shati la mikono mirefu. Vumbi la kioo likikuingia shingoni utajikuna hadi alfajiri. Pima, tia alama, bandika tepu. Mwayajua hayo, twende.

Geuza kipande. Huku nyuma ndiko tundu linakoharibika. Weka ubao wa plai chini yake, ubane kwa klempu mbili, pasibaki mwanya hata wa karatasi. Faiba ni tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa na rezini tu. Biti ikikaribia kutokea, chini zimebaki tabaka mbili au moja, nyembamba, hazihimili msukumo. Badala ya kukatwa, zinabanduka. Plai ndiyo inayozishikilia.

Sasa biti. Zipo tatu mezani. Hii ya rangi ya dhahabu watu waipenda kama bangili. Ndani ni haispidi, chuma kigumu cha biti za kawaida, juu imepakwa koti la nitridi ya titani, unene wa mikroni chache tu. Kwa chuma, koti hilo lafaa. Kwa faiba, nyuzi za kioo ni msasa: zinalikwangua pale ukingoni, haispidi inabaki uchi, inakuwa butu upesi. Na biti butu haikati nyuzi, inazisukuma.

Ya pili ni kabaidi, ngumu kuliko haispidi, isiyo na koti. Hii ndiyo chaguo langu, na ndiyo ninayouza, sifichi. Koti lolote lina unene, na unene huo huuviringisha ukingo kidogo. Hii ukingo wake uko wazi, mkali. Ya tatu ni kabaidi yenye koti la almasi. Ukitoboa faiba ya kaboni, matundu mamia, hiyo yalipa, maana almasi hailiki upesi. Kwa boliti kumi za boti ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mshikaki mmoja.

Ila kabaidi ikiyumba huvunjika kama chaki. Itie kwenye drili ya stendi, si ya mkononi.

Mwendo wa ukingo wa biti: tuchukue mita 60 kwa dakika. 60 mara 1000 kupata milimita, gawanya kwa 3.14 mara 6, kipenyo cha biti, yaja karibu mizunguko 3,180 kwa dakika. Stendi hii ina 3,000, yatosha. Kushuka, milimita 0.04 kwa kila mzunguko. Hiyo ni milimita 120 kwa dakika, unene huu sekunde 3 na kidogo. Ukisukuma haraka, tabaka zinaachana. Ukisita biti ikizunguka pale pale, inasugua tu: rezini inapata moto, inanuka, inalainika, na tundu likipoa linakuwa dogo kuliko biti. Polepole si kusimama.

Ule ukingo mfupi wa katikati ya ncha haukati, unabonyeza tu, nao ndio wenye msukumo mwingi. Basi anza na tundu la milimita 2. Tayari.

Sasa ya 6. Shuka... shuka... hapa legeza. Legeza mkono! Biti ikianza kutokea hujivuta yenyewe, kwa hiyo mpini usiuachie, uzuie. Milimita ya mwisho, jamani. Ya mwisho.

Lo, kamera imejaa vumbi, ngojeni nifute. Mwaona? Bado. Haya, sasa. Lingekuwa la kaboni, vumbi hili lapitisha umeme, likiingia kwenye mota lingeweza kuiunguza. Mashine ya kunyonya vumbi iwe karibu na biti.

Tukague. Paka wino kuzunguka tundu upande wa chini, ngoja dakika moja, futa kwa spiriti. Pete ya wino iliyobaki ndiyo sehemu iliyobanduka. Pima kipenyo cha pete: milimita 7.2. Gawanya kwa 6 ya tundu, ni 1.2; tundu safi hukaribia 1. Mmh. Hiyo siikubali. Na sababu ndiyo hii, tazameni: klempu ya kushoto imelegea, plai imeshuka. Nilisema hata karatasi isipite, hapa yapita kadi ya simu.

Nakaza. Natoboa pembeni, mkono ule ule, mwendo ule ule. Legeza... imetoka. Wino, spiriti, pima: 6.3. Ni 1.05, hilo ndilo tundu.

Kabla ya boliti, paka rezini ukutani mwa tundu kwa kijiti; nyuzi zilizokatwa hunyonya maji ya bahari. Rezini ikishika, zungusha biti kwa vidole kuondoa ziada, tia boliti ya stenlesi na washa pana, ile pete bapa ya chini ya boliti.