Mtoto Anapotumwa kwa Baiskeli
Mhadhara kwa wazazi, walimu na wakazi wa Uyole, Mbeya

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, walimu wenzangu, wazazi, nanyi vijana wa bodaboda mliokubali kuacha abiria mkaja kukaa nasi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watoto wa shule kuendesha baiskeli kwa usalama. Niseme mapema: wengi wao kuendesha wanajua. Wamejifunza wenyewe kwenye baiskeli ya baba, mguu umepenyezwa chini ya bomba la juu kwa kuwa siti hawaifikii, wakaanguka mpaka wakaweza. Tatizo letu liko kwingine. Mtoto anajifunza uwanjani, baiskeli ikiwa tupu, naye hana haraka. Kesho yake tunamfungia debe la mahindi kwenye keria, tunamtuma mashineni jioni, na tunamwambia awahi.

Mtoto wa hapa hapandi baiskeli kwa matembezi. Anapeleka maziwa, anafuata maji, anasagisha, anampelekea bibi yake viazi Igawilo. Kwa hiyo ninachokuja kuwaomba ni kimoja: tumfundishe kwenye kazi tunayomtuma.

Kwa wale ambao hawajaanza kabisa, hasa wasichana, ambao nyumba nyingi bado zinawanyima baiskeli bila sababu ya maana, mwanzo ni rahisi kuliko tunavyoufanya. Mpelekeni fundi baiskeli afungue pedeli zote mbili. Yeye anajua kwamba ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na ya kulia. Shusheni siti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini. Sasa ajisukume kwa miguu kwenye kimteremko kidogo cha majani, ainue miguu, akanyage, ainue tena. Hakuna haja ya mtu kukimbia nyuma akishika keria. Akishaweza kwenda bila kuyumba, rudisheni pedeli. Sketi ifungwe pembeni isiingie kwenye mnyororo, basi.

Sasa mzigo. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watoto wetu wanapoumia. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20, na mtoto wa darasa la nne huenda hata kilo 30 hazimo mwilini mwake. Uzito huo ukikaa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Akipanda mlima, baiskeli inataka kuinuka mbele. Akishuka, mzigo unamsukuma, na breki iliyomtosha jana akiwa hana mzigo leo haimtoshi. Na dumu lililojaa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji yanacheza ndani na kuivuta baiskeli upande katikati ya kona. Mkimtuma, lijae mpaka juu, au mpeni dogo lililojaa, na lifungwe kwa mpira usiolegea wala kuning'inia karibu na spoku.

Baiskeli nyingi tulizonazo ni zile za breki za vyuma, zinazovuta raba mbili kwenye rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza. Nasi hapa mvua tunayo tangu Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo mtoto afundishwe kubana breki kidogo kidogo kabla hajafika kwenye mteremko, ili raba zifute maji, na abane zote mbili kwa pamoja. Akibana ya mbele peke yake kwa nguvu, anarushwa juu ya usukani. Akibana ya nyuma peke yake, tairi linaburuzika na kutoka njiani. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ni mzito, ashuke akokote. Mwambieni tangu nyumbani kwamba kukokota si uoga, na akichelewa kwa sababu hiyo hatapigwa wala kugombezwa.

Kuipima breki kunachukua muda mfupi sana. Simama pembeni ya baiskeli, bana ya mbele, sukuma mbele: gurudumu lisizunguke. Bana ya nyuma, vuta nyuma: lisizunguke. Likizunguka, baiskeli haitoki. Mtoto wa darasa la pili anaweza kufanya hivyo kila asubuhi.

Tuje barabarani. Sisi wa Uyole tunakaa pale ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaungana na barabara kuu ya Tunduma. Malori ya Zambia, ya Kongo na ya Malawi yote ni majirani zetu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani lile linalotii kibao, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, kabla mguu wake haujafika kwenye breki, gari limeshakula mita hizo, na kusimama bado. Watoto wadogo macho yanaona vizuri, lakini kukadiria kasi ya gari linalokuja bado hawawezi. Usimwambie mtoto wa miaka 8 "vuka ukiona liko mbali". Mwambie ashuke, asubiri barabara iwe tupu au mtu mzima amvushe, avuke akikokota kwenye pundamilia.

Na lori lenye tela lina jambo lake. Likikata kona kushoto, kichwa kinapita mbali na ukingo, tela linafuata likiibana kona. Mtoto aliyejipenyeza kushoto kwake anakuta nafasi imeisha. Wafundisheni hivi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Kaa nyuma. Na wale wanaodandia malori yanapopanda mlima polepole, wazazi mnawajua kwa majina. Hilo tulikomeshe wenyewe.

Kuna zoezi moja nalipenda sana. Mtoto anaendesha kwenye mstari wa chokaa, mwalimu yuko nyuma, anaita na kuinua vidole. Mtoto ageuze shingo, ataje ni vingapi, bila kutoka kwenye mstari. Mwanzoni karibu wote wanageuka na usukani wao. Mtoto ambaye hawezi zoezi hili hajawa tayari kwa lami, kwa sababu siku atakayokwepa shimo bila kuangalia nyuma, bodaboda itakuwa hapo.

Uholanzi, nchi ya baiskeli, watoto wengi wa miaka 11 au 12 hufanya mtihani wa usalama barabarani, wa karatasi na wa kuendesha kwenye barabara zenyewe wakitazamwa na watu wazima. Na wenzetu wale wana njia za baiskeli karibu kila mahali. Sisi ambao baiskeli, mkokoteni, bajaji na semitrela vinagombania lami moja, tutaachaje kuwafundisha?

Vijana wa bodaboda, mnawapita watoto hawa kila siku. Msipige honi mkiwa mmeshawafikia, mtoto anashtuka na kuyumba. Pigeni mkiwa mbali, kisha mpiteni mkimwachia nafasi. Akina mama wa maziwa na mwenye mashine ya kusaga, msipokee mzigo uliokuja kwa baiskeli isiyo na breki bila kumtafuta mzazi. Na sweta la shule ni jeusi au la bluu iliyokolea. Asubuhi ya ukungu halionekani. Kitambaa cheupe mgongoni na kiakisi mwanga nyuma ya keria havina gharama ya kutushinda.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi tukutane uwanja wa shule. Fundi atakuwepo na spana na raba za breki. Kila mtoto aje na baiskeli ileile anayoitumia, hata kama ni ya baba, na aje na mzigo anaobeba kwa kawaida: debe, dumu, kikapu cha viazi. Mzazi aliyemfungia mzigo huo aje naye, maana kufunga mzigo ndiyo tutakayoanza nayo.