Upinde katika Msimu wa Gobori: Mfano wa Colorado

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori,

Swali lililo mbele yetu ni hili: je, ni haki mwindaji mwenye upinde kuruhusiwa kuingia porini katika msimu uliotengwa kwa ajili ya gobori? Kwetu gobori ni bunduki ya kizamani, inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Nchini Marekani bunduki ya namna hiyo ingali na msimu wake rasmi, na kila jimbo hujitungia kanuni zake. Nitabaki na jimbo la Colorado, kwa kuwa huko jambo hili limekwisha kugharimu uhai wa mtu.

Msimu wa gobori humpa nafasi mwindaji aliyekubali kwa hiari yake kubeba silaha dhaifu, inayofyatuka mara moja kisha ikamlazimu kuanza kushindilia upya, na ambayo Colorado imekataza isifungwe darubini. Kwa kipimo hicho hicho upinde unastahili zaidi, maana gobori hulenga vyema hadi mita 100 hivi, ilhali mpiga upinde mwangalifu ni nadra kuachia mshale kwa mnyama aliye mbali zaidi ya mita 40. Isitoshe, wapiga upinde nao huchangia uhifadhi: kodi ya bunduki na risasi, ambayo sheria ya shirikisho ya mwaka 1937 iliielekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori, ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 1972 ikagusa pinde na mishale. Haki yao, kwangu mimi, haina shaka.

Shaka yangu iko kwenye usalama. Huko Colorado msimu wa gobori ni siku 9 za katikati ya Septemba, nao huangukia ndani ya msimu wa upinde. Huo ndio wakati elki, mnyama mwenye pembe za matawi anayekaribia ukubwa wa farasi, anapotafuta majike, na madume hulia kwa mlio mrefu unaosikika mbali. Mpiga upinde huuiga mlio huo akiwa amejibanza vichakani, amevaa nguo za rangi ya majani. Mwenye gobori huusikia naye akaufuata. Mwezi Septemba mwaka 2021, kusini-magharibi mwa jimbo hilo, mpiga upinde aliuawa kwa risasi ya gobori. Wakati huo sheria ilimtaka mwenye gobori avae rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, angalau inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia, lakini haikumtaka hivyo mwenye upinde.

Kwa hiyo ninasema, upinde uruhusiwe, ila katika siku hizo 9 kila mwindaji aliyemo porini, mwenye gobori na mwenye upinde, avae rangi hiyo inayong'aa. Najua wapiga upinde hulalamika kwamba rangi hiyo itawafichua. Lakini jicho la elki halitofautishi chungwa na kijani kama jicho letu. Kinachomshtua ni mwindaji anayetikisika, na harufu ya binadamu inayobebwa na upepo.