Chakula cha Wenyeji Kina Saa Yake

(Mhadhara kwa wasafiri, Tanga)

Ndugu zangu, nitarudia lile lile mnalolijua, na anayetaka kucheka acheke. Mtu wa Tanga akirudi kutoka nje akasema "kule hakuna chakula", mimi siulizi alikwenda nchi gani. Nauliza alitafuta chakula saa ngapi, na siku gani.

Mgeni akishuka stendi ya Kange saa kumi jioni, akaingia Ngamiani kuulizia vitumbua vya moto, atapata nini? Vilivyolala, labda iwe Ramadhani. Kisha akaandike kwao kwamba Tanga hatujui kupika! Basi na sisi tunawafanyia wenzetu hivyo hivyo.

Chukueni Addis Ababa, maana wengi wenu ndiko mnakobadilishia ndege. Mtu ana usiku mzima na nusu ya siku, anakula wali wa hotelini, anaondoka. Na Mhabeshi ndiye mwenyeji rahisi kuliko wote kwetu, kwa sababu saa zake anazihesabu kama sisi: jua likichomoza ni kama saa kumi na mbili, adhuhuri ni saa sita. Mzungu anachanganyikiwa, wewe hapana. Ukiambiwa chakula saa sita, ni saa sita.

Siku sasa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ni siku 55. Kufunga huko ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwa hiyo ukienda Ijumaa kwenye mgahawa wao ukadai doro wati, yule kuku wa mchuzi mwekundu na yai la kuchemsha, utaambiwa hakuna, nawe utanuna bure. Siku hiyo agiza beyaynetu: injera moja pana, ule mkate wao bapa na laini, juu yake vifungu vya adesi, shiro ya unga wa dengu, kabichi, viazi, mboga za majani. Hiyo ndiyo siku mpishi wa mboga anapojituma.

Najua kuna anayetaka kuuliza, "Na sisi Waislamu, nyama tutaijuaje?" Bucha za Wakristo na za Waislamu kule ni mbali mbali, na mwenyeji hakasiriki ukimuuliza. Ukiwa na shaka, chakula cha mfungo hakina nyama. "Na sufuria je?" Hapo muulize shehe wako, mimi nazungumzia dengu. Kinywaji angalia: teji ni pombe ya asali. Asiyekunywa aulizie birzi, maji ya asali ambayo hayajachachuliwa.

Tuingie kwenye injera, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko vyote. "Imechacha!" Ndiyo, imechachuliwa kwa makusudi. Unga wa tefu, nafaka ndogo ambayo punje 1,000 hazifiki gramu moja, hukorogwa na maji, ukatiwa ersho, yaani yale maji ya manjano yaliyoelea juu ya donge la safari iliyopita. Unaachwa siku mbili hadi tatu. Maji ya juu yanamwagwa, mengine yanawekwa kwa kuchachulia safari ijayo. Kisha, na hapa ndipo wanaojaribu nyumbani wanapoharibu, sehemu ndogo ya unga ule inapikwa pembeni kama uji, inaachwa ipoe kidogo, inarudishwa ndani. Wanaiita absiti. Ukiiruka, injera inakosa macho, yaani vile vitundu vya juu. Ukiirudisha ikiwa ya moto sana unaua chachu, unangoja povu mpaka asubuhi.

Povu likipanda, unga unamiminwa kwa mzunguko kwenye kaango bapa la udongo, kuanzia ukingoni kuja katikati, macho yanafunguka, linafunikwa, dakika mbili tatu basi. Haigeuzwi, hapo ni tofauti na chapati ya maji. Kaango likiwa halijapata moto, macho hayafunguki. Likiwa halijasuguliwa kwa mbegu za mafuta zilizosagwa, injera inang'ang'ania na kuchanika.

Kwa hiyo ukiletewa, itazame kwanza. Macho yameenea sawasawa? Ikunje: haipasuki? Ikipasuka, mara nyingi imelala, au tefu imechanganywa na mchele au shayiri ili kupunguza gharama. Si dhambi, lakini usiihukumu Ethiopia nzima kwa hiyo. Unakula kwa mkono wa kulia, unamega kipande, unabana mboga nacho. Na ile ya chini iliyolowa mchuzi usiiache sahanini, ndiyo yenyewe! Mwenyeji akikutilia tonge mdomoni, hiyo ni gursha, ni heshima, fungua kinywa. Mwanamume mzima anakwepa kama mtoto anayepewa kwinini, jamani.

Kitfo ni nyama ya ng'ombe mbichi iliyokatwakatwa, na siagi na pilipili. Tegu wapo, na Wahabeshi wenyewe wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana wana dawa ya mti wa koso. Mkisikia "lebleb", imepashwa tu, haijaiva. Semeni mnataka iliyoiva kabisa. Kahawa ni mizunguko mitatu, abol, tona, bereka. Ukiaga baada ya kikombe cha kwanza umewavunjia adabu.

Naona naonyeshwa saa. Haya, Oman. Shuwa ni nyama ya Idi: inapakwa viungo, inafungwa kwa majani, inafukiwa kwenye shimo la makaa siku nzima au mbili. Inayouzwa mgahawani siku ya kawaida aghalabu imeokwa kwenye oveni. Kula, lakini usije ukatuambia umekula shuwa.

Uchina sitaigusa leo. Wanaopeleka wagonjwa Chennai, India: idli ni ya asubuhi na jioni, mchele na choroko nyeusi zilizosagwa, zikachachuliwa usiku kucha, zikapikwa kwa mvuke. Mchana tafuteni wali wa jani la mgomba. Ukishiba, likunje jani kuelekea kwako, usilisukume upande wa pili, maana kulikunja kuelekea nje ni kwa msibani.