Spider-Man kwa mkono wa manga: tuchore ukurasa mmoja pamoja

Karibuni tena mezani, watazamaji wangu. Leo tunachora ukurasa mmoja mzima wa Spider-Man, yule kijana wa New York, lakini tunamchora kama angetoka kwenye gazeti la manga la Kijapani. Nitakwenda taratibu. Kila nikimaliza hatua, simamisha video, chora ya kwako, halafu rudi tuendelee.

Vifaa kwanza. Karatasi ya A4 ya kawaida inatosha kwa penseli, ila kwa wino tafuta iliyo nene kidogo, gramu 120 kwenda juu, kwa sababu nyembamba inanyonya wino na mstari unavimba. Chukua penseli ya HB, kifutio laini, rula ndefu, kalamu mbili za wino mweusi usiotoka kwa maji, moja ya 0.3 na nyingine ya 0.8, na brashi ndogo ya kujazia weusi. Wachoraji wa Japani hupenda kalamu ya kuchovya yenye nibu inayoitwa G: ukiikandamiza mstari unanenepa, ukiiachia unakonda. Ukiipata ni vizuri. Usipoipata, tutapata unene huo huo kwa kupitia mstari mara mbili, nitakuonyesha. Anayechora kwa simu afungue programu ya ibisPaint au MediBang, aweke ukurasa wa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), au 350 kama simu inalemewa.

Sasa, kabla penseli haijagusa karatasi, tuelewane jambo moja. Watu wakisikia mtindo wa manga wanakimbilia macho makubwa na nywele za ncha kali. Spider-Man akiwa kazini haonyeshi jicho wala unywele. Kama manga ingekuwa ni macho na nywele tu, huyu asingechoreka kabisa. Manga imo katika namna muda unavyogawanywa kwenye ukurasa, na nafasi inayopewa hisia ya mtu. Toleo la vibonzo vya Marekani kwa kawaida hutoka mara moja kwa mwezi na kurasa 20 au 22 hivi. Sura ya manga kwenye gazeti la wiki inakaribia kurasa hizo hizo, lakini wiki ijayo inakuja nyingine. Ndiyo maana mchoraji wa Kijapani anaweza kutumia ukurasa mzima kwa mtu kugeuza shingo. Nafasi anayo.

Na kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1966, tamthilia ya Batman ya televisheni ilipopendwa Japani, Jiro Kuwata alimchora Batman kwa ajili ya gazeti la Shonen King. Mwaka 1970 Ryoichi Ikegami akaanza kumchora Spider-Man kwa kampuni ya Kodansha, na ninakuomba umwangalie sana huyu. Vazi aliliacha kama lilivyo. Alichobadilisha ni mtu aliye ndani: Peter Parker akaondoka, akaingia mwanafunzi wa Kijapani anayeitwa Yu Komori, mwenye shida zake na upweke wake. Nadhani hapo ndipo alipofaulu. Leo tunamfuata yeye: vazi libaki, pumzi ibadilike.

Hatua ya kwanza, chagua tukio dogo. Dogo kweli. Usichague vita vya kuokoa dunia. Langu ni hili: kijana amekaa ukingoni mwa ghorofa usiku, amechoka, mkono unamtetemeka, anasikia king'ora mbali, anaruka. Basi. Katika kibonzo cha Kimarekani hilo lingekuwa fremu moja yenye maelezo juu yake. Sisi tunalipatia ukurasa mzima.

Hatua ya pili, rasimu. Chora ukurasa mdogo sana, usiozidi nusu ya kiganja, uupange humo kwanza. Japani rasimu hii huitwa nemu, na mhariri huiona kabla mchoro wenyewe haujaanza. Fremu zangu ni tano. Safu ya juu ina mbili nyembamba: mkono umeshika ukingo wa zege, kisha kichwa kwa nyuma. Safu ya kati ina mbili: lenzi ya jicho, ile sehemu nyeupe ya kinyago, kwa karibu kabisa, kisha mji mtupu bila mtu. Chini yote ni fremu moja kubwa ya kuruka, na hiyo naitoa hadi ukingoni mwa karatasi, bila mpaka.

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi napanga kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu maneno yangu ni ya Kiswahili na jicho la msomaji wangu limezoea hivyo. Ukichanganya pande mbili, msomaji anajikwaa katikati ya tukio. Hivyo mruko wangu nauelekeza kulia chini, kule anakokwenda msomaji.

Angalia nafasi kati ya fremu. Kati ya safu na safu naacha kama milimita 8. Kati ya fremu za safu moja, milimita 3 tu. Tofauti hiyo inafanya kazi bila kuonekana: jicho linamaliza safu ya juu kabla ya kushuka, kwa sababu fremu ya pembeni iko karibu kuliko ya chini.

Hatua ya tatu, mwili. Shujaa wa Kimarekani mara nyingi huchorwa kwa urefu wa vichwa vinane au hata tisa, kifua kama mlango. Hapa shusha. Kwa kijana wa shule tumia vichwa sita na nusu au saba, mabega membamba, mikono na miguu mirefu kidogo. Huyu ana bahati, maana Steve Ditko alipomchora mara ya kwanza mwaka 1962 alimchora mwembamba, kijana wa kweli wa Queens. Kumtunisha misuli ni kumtoa kwake na kumkosesha manga pia. Misuli mitatu inatosha kuonekana: bega, kigimbi cha mguu, na mstari mmoja wa mgongo. Iliyobaki iache vazi liifunike.

Kwenye fremu ya kuruka, mkono unaokuja mbele ufanye mkubwa kuliko kichwa. Usiogope. Chora kwanza kiganja, kisha duara la kiwiko ndani yake kwa nyuma, kisha bega dogo huko mbali. Mguu wa nyuma uishie kuwa mdogo kabisa.

Hatua ya nne, kinyago, na hapa tukae. Hisia utaionyeshaje kwa mtu asiye na mdomo wala nyusi? Nakuonyesha njia ninazozitumia.

Ya kwanza ni lenzi. Kingo nyeusi za lenzi ndizo nyusi zake. Akishtuka, panua lenzi na ukonde ukingo. Akikasirika, shusha ukingo wa juu upande wa ndani. Akichoka, kama huyu wetu, ukingo wa juu unalala sawasawa na lenzi inabaki nusu. Tazama kalamu yangu: sibadilishi chochote kingine, lakini tayari umeona usingizi. Ya pili ni shingo. Kichwa kikiinama kidogo mbele na bega moja likiwa juu, mtu huyo ana mzigo. Ya tatu ni vidole. Katika fremu ya kwanza sichori uso kabisa, nachora vidole vilivyoshika zege, na pembeni mwa kila kidole mistari miwili mifupi sambamba ya kutetemeka. Kidole kidogo nakiacha kimenyanyuka, hakishiki. Watazamaji wengi watakipita, lakini mkono ule utawaonekea dhaifu na hawatajua kwa nini.

Ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi: kionyeshe kitu kilichomo kwenye lenzi. Fremu ya tatu ni lenzi peke yake. Ndani yake chora taa za mji, madoa meupe madogo, na katikati doa moja kubwa la king'ora. Mara hii tunaona anachokiona, na hatuhitaji mdomo wake tena.

Hatua ya tano, utando wa vazi. Anza na nukta katikati ya lenzi mbili, juu ya pua. Toa mistari inayotawanyika kutoka hapo hadi mwisho wa kichwa, kisha iunganishe kwa vipinde vinavyobonyea kuelekea nukta ile. Mistari ifuate umbo la fuvu. Ikinyooka, kichwa kinakuwa bapa. Kwenye fremu ya karibu chora yote. Kwenye fremu za mbali chora michache, na mtu akiwa mdogo sana iache kabisa. Mchoraji mwenye sura ya manga ya kukabidhi kila wiki hawezi kuchora kila uzi, na msomaji hauhitaji: akiona lenzi mbili na alama ya kifuani, mengine anayajaza mwenyewe.

Hatua ya sita, wino na weusi. Ukurasa wetu ni wa wino mweusi tu, hatuna nyekundu wala buluu ya vazi, kwa hiyo tuamue mapema. Buluu yote inakuwa nyeusi tii, na unaacha ukanda mwembamba mweupe upande unaopokea taa. Nyekundu inabaki nyeupe yenye mistari ya utando, tutaiongezea vidoti baadaye, yaani nukta ndogo zinazoonekana kama kijivu. Kwa mstari wa nje tumia 0.8 upande wa kivuli, upitie mara mbili pale mwili unapokunjika, kwenye kiwiko na nyuma ya goti. Upande wa taa tumia 0.3, na sehemu nyingine ukate mstari kabisa. Mstari uliokatika unapumua. Subiri wino ukauke ndipo ufute penseli.

Hatua ya saba, mistari ya kasi, kwa fremu ya mwisho. Bandika pini pale kwenye kiganja kinachokuja mbele, juu ya kadibodi. Egemeza rula kwenye pini, vuta mstari kutoka ukingoni mwa fremu kuelekea pini, na unyanyue kalamu kabla hujafika. Mstari unaanza mnene unaisha mkali. Sogeza rula kidogo, rudia. Usiweke nafasi sawa: fungu la mistari minne mitano, pengo, fungu jingine. Majengo nyuma nayachora kwa mistari hiyo hiyo ya kuvutwa, huku mwili wa kijana ukibaki safi. Yeye hatikisiki, dunia ndiyo inakimbia.

Hatua ya nane, vidoti. Japani vilikuwa karatasi angavu zenye gundi, unazikata kwa wembe. Siku hizi wengi huviweka kwenye programu. Kwa nyekundu ya vazi chagua vidoti vya mistari 60 kwa inchi, weusi wa asilimia 20. Anga la usiku weka asilimia 40 na uache taa za mji zikiwa nyeupe pee. Ukishaweka vidoti usibadilishe tena ukubwa wa picha, vitagongana na kutoa mawimbi ya ajabu. Wa kalamu tupu, tumia mistari sambamba ya mshazari, inafaa kabisa.

Hatua ya tisa, maneno. Kijapani cha kwenye manga kwa kawaida huandikwa kutoka juu kwenda chini, ndiyo maana viputo vyake vya maneno ni virefu kwenda chini. Ukivinakili hivyo, neno kama "nimechelewa" utalikata vipande vitatu. Chora kiputo kipana. Mimi ukurasa huu wote nimeupa neno moja tu, kwenye fremu ya pili: "Tena?"

Sauti ndiyo furaha yangu, maana Kiswahili kimejaa tanakali. Usiandike sauti za Kiingereza. Utando ukifyatuka, "fyuu!". Mwili ukitua, "tifu!". Manga ina hata sauti ya ukimya, ambayo huandikwa kubwa juu ya mahali patupu, nasi tunayo: kwenye ile fremu ya mji bila mtu andika "JII" kwa herufi nyembamba zilizoachana, zifuate mstari wa mapaa. Kwenye fremu ya mwisho "FYUUU" iwe nene, ilale kwa mwelekeo wa mruko, na herufi ya mwisho ikatwe na ukingo wa karatasi.

Piga picha karibu na dirisha, bila mwali wa simu, au skani kwa dpi 600. Ukiiweka mtandaoni, andika kuwa ni mchoro wa shabiki na weka jina lako. Spider-Man ni mali ya Marvel, kwa hiyo chora, jifunze, onyesha, lakini usimchape kwenye fulana ukauza.

Zoezi la wiki hii ni Storm, shujaa wa Marvel aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1975, jina lake halisi Ororo Munroe, ambaye mama yake katika hadithi ni Mkenya. Yeye ni kinyume cha tulichofanya leo: uso wote uko wazi na nywele ndizo zinazoongea. Nywele nyeupe ziache karatasi tupu, kwa mistari michache mirefu ya 0.3. Ngozi ipe vidoti vya asilimia 30, na pale mwanga wa radi unapogusa shavu ondoa vidoti kwa kifutio cha programu, kingo kali, bila kufifisha. Tafadhali msimpaushe ngozi ili afanane na manga mlizozizoea. Anga nyuma yake jaza wino mzito, na radi uiache nyeupe tangu kwenye penseli, maana wino ukishapita juu yake hairudi.