Jarida Lililozisikilizanisha Kompyuta

MWALIMU: Karibuni tena wasikilizaji. Tuko Mwanza, na mkisikia mvumo kwa mbali, ni upepo wa ziwa. Leo tunalo jarida la kompyuta la BYTE. Fundi, tuanzie wapi?

FUNDI: Tuanzie Septemba 1975, Mwalimu, toleo la kwanza, kutoka Peterborough, New Hampshire, Marekani. Wayne Green alilianzisha, Carl Helmers akawa mhariri. Januari mwaka huohuo jarida la Popular Electronics lilikuwa limeiweka kwenye jalada Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani. Watu wakaagiza vipande, wakalehemu, mashine ikawaka. Kumbukumbu ya kuanzia ilikuwa baiti 256 tu, baiti moja ikitosha herufi moja, na umeme ukizimwa hakibaki kitu.

MWALIMU: Kisha unaanza upya kuingiza programu kwa swichi za mbele, baiti moja baada ya nyingine.

FUNDI: Kwa hiyo wakaigeukia kaseti, kwa sababu redio-kaseti ilikuwa rahisi kupatikana. Shida ni kwamba kila mtengenezaji alirekodi kwa namna yake. Mkanda wa mwenzako haukukufaa. BYTE wakaitisha mkutano Kansas City, hukohuko Marekani, Novemba 1975, na Lee Felsenstein na Harold Mauch wakaiandika kanuni iliyokubaliwa ya kurekodi data kwenye kaseti. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo jarida lile liliwafanyia wasomaji wake.

MWALIMU: Tuifungue polepole, wasikilizaji waandike.

FUNDI: Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja, na kila moja ya hizo huitwa biti. Sifuri ni mawimbi 4 ya sauti ya hezi 1,200, yaani mawimbi 1,200 kwa sekunde. Moja ni mawimbi 8 ya hezi 2,400. Zote zinachukua muda uleule, sehemu moja ya 300 ya sekunde. Baiti inafunguliwa na sifuri moja, zinafuata biti 8 za data, ile ya thamani ndogo ikitangulia, kisha inafungwa na biti mbili za "moja".

MWALIMU: Jumla biti 11. Gawa 300 kwa 11: baiti 27 na kidogo kwa sekunde. Programu ya baiti 4,096 inamaliza dakika mbili na nusu.

FUNDI: Sasa sikia uzuri wake. Kwa kuwa 2,400 ni 1,200 mara mbili kamili, saketi ya kupokea inaweza kupata saa yake humohumo kwenye sauti. Betri zikichoka, mkanda ukavuta kidogo, data bado inasomeka.

MWALIMU: Lakini kuna kaseti inayosomeka kwa aliyeirekodi na kugoma kwa jirani.

FUNDI: Hapo hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, imekaa upande. Sauti nyembamba ndiyo inayofifia kwanza, kwa hiyo zile "moja" zinapotea kabla ya sifuri. Safisha hedi kwa pamba na spiriti, iache ikauke. Cheza kaseti ya jirani, tafuta skrubu yenye springi ubavuni mwa hedi, uizungushe kidogo kidogo kwa bisibisi, usizidi robo mzunguko. Pale sauti inapokuwa kali kuliko kote, acha hapo. Kisha sauti ya redio: ikiwa ndogo, mkwaruzo unaimeza data, ikizidi, vilele vya mawimbi vinakatwa.

MWALIMU: Na kwa sisi wa mwambao wa ziwa, unyevu. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa mkanda, huo ni ukungu. Usiucheze hivyohivyo, utachafua hedi na kaseti zitakazofuata.

FUNDI: Kanuni ile ilisafiri. Mei 1977 jarida jingine, Interface Age, waliweka ndani yake santuri laini ya plastiki yenye BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya kichakataji cha 6800, kwa sauti hizohizo za Kansas City. Msomaji alinunua jarida, akapata na programu!

MWALIMU: BYTE yenyewe ilinunuliwa na McGraw-Hill mwaka 1979, na toleo la mwisho la karatasi likatoka Julai 1998. Sasa, mwenye kaseti ya aina hiyo leo afanyeje?

FUNDI: Achomeke waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, arekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Asitumie MP3, inaibana sauti na kubadilisha umbo la wimbi. Na asikate mwanzo. Kanuni inataka angalau sekunde 5 za "moja" tupu kabla ya data: utasikia mluzi mmoja, umenyooka, kisha unavunjika ghafla kuwa mkwaruzo. Data inaanzia pale mluzi unapovunjika.